Meli Iliyoning'inia Kichwa Chini

Mtu wa mkoba wa bluu aliruka meza ya samaki. Sindano akaruka nyuma yake.

Saa mbili asubuhi. Soko limefurika. Sakafu ni barafu, magamba na maji, na kila hatua ni kamari.

"Pisheni!"

Hakuna aliyepisha. Watu wa soko la samaki hawampishi hata waziri. Mwanamke mmoja aliinua ndoo yake kidogo tu, kama anayemwonea huruma mkimbizaji kuliko mkimbizwa.

Alimpata kwenye mlango wa chumba cha barafu. Hakumpiga ngumi. Alimchota mtama mmoja safi, jamaa akaenda chini kama gunia la chumvi, na alipofungua macho mdomo wa Glock ulikuwa umetulia nyuma ya sikio lake.

"Mkoba."

Ndani ya mkoba kulikuwa na spika nyeusi ya mpira, ile inayofanya kazi ndani ya maji. Kulikuwa na kipande cha ramani ya lango la bandari, na gati la gesi limezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Kando ya duara: saa kumi alasiri. Tarehe ya leo.

"Meli yenu iko wapi?"

Jamaa alicheka, meno yamelowa damu. "Muulize dubwana."

Sindano hakuhitaji kuuliza dubwana gani. Kwa wiki tatu mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Wavuvi walikuwa wameona shingo nyeusi ikitoka majini upande wa mashariki, ndefu kama nguzo ya umeme, ikazama bila kishindo. Wengine walisikia mlio. Haukuingia masikioni, walisema. Ulipanda kutoka kwenye mbao za boti hadi kwenye nyayo, kama mgonjwa anayeugua chini ya bahari. Wazamiaji wa gati la gesi waliusikia mara mbili, wakavua vifaa vyao, na tangu siku hiyo hakuna aliyeshuka kukagua nguzo za gati.

Simu ya satelaiti ikatetemeka mfukoni.

"Mgeni anakuja na zawadi," ilisema sauti ya Mkuu wa Idara, nzito, isiyo na haraka. "Ila hatujui amelala nyumba gani."

"Zawadi ni ya leo, Mkuu. Saa kumi. Nina ramani mkononi."

"Meli ya gesi inaingia saa hiyohiyo," alisema Mkuu. "Bomu la sumaku kwenye tumbo la ile meli, Sindano, na nusu ya mji haitakuwepo."

"Isimamishwe nje."

"Ikisimama ndiyo imejitega. Na wakishtuka watayeyuka, kama miaka tisa iliyopita walipoingiza silaha. Lazima tuwapate kwanza. Rada haioni kitu. Ndege imezunguka tangu alfajiri, joto limefanya ukungu, haioni kitu. Nipe hata uzi wa kushika."

Miaka tisa iliyopita. Sindano alikikunja kile kipande cha ramani.

"Yupo mtu mmoja," alisema. "Aliwahi kuiona ile meli."

"Nani?"

"Nitakwambia nikimpata."

Alikata simu. Hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameona haya tu.

*

Mtu huyo alikuwa anaokota majani kwenye bwawa la kuogelea la manispaa.

Kwa miaka ishirini na minane alikuwa rubani wa meli. Alikuwa akipanda ngazi za kamba na kuingiza bandarini meli za tani elfu thelathini, mkono mfukoni, akiimba. Mji mzima ulimwita Rubani, na hata leo wapo waliomwita hivyo, ila kwa kejeli. Sasa alikuwa na suruali iliyokunjwa hadi magotini, kandambili, na wavu mdogo kwenye mpini mrefu. Alikuwa akichota majani, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayevuta nanga.

Sindano alikuwa binti yake. Mtoto wa pekee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Umeingia na viatu."

"Baba, nina haraka."

"Vua. Hapa hata serikali inavua."

Alivua. Kigae kilikuwa baridi. Miaka tisa alikuwa akija kumwona mara moja kwa miezi mitatu, akikaa kiti cha karibu na mlango, akitazama saa yake ya Casio.

"Mimi sifanyi kazi ofisi ya takwimu," alisema.

"Najua. Mtu wa takwimu haketi kila akija akitazama mlango." Alikung'uta wavu. "Safari hii wamekutuma kutafuta nini?"

Alimweleza. Rubani alisikiliza bila kuacha kuokota majani, lakini aliposikia habari za meli, mpini ulisimama.

"Ya kijivu? Ina kreni nyuma, imepinda kama mkono wa mtu aliyevunjika?"

"Hatujui. Hakuna aliyeiona. Ndiyo maana nimekuja." Alisogea hatua moja. "Uliionaje, baba? Siku ile. Nataka kuelewa."

Hapo ndipo mzee alipomgeukia. Macho yake yalikuwa safi kabisa, na usafi wake ulimuuma Sindano kuliko angekuta yamefifia.

"Hujawahi kuniuliza," alisema.

Ni kweli. Hakuwahi. Shuleni walimwita Mtoto wa Mazimwi, kwa sababu baba yake alikuwa na daftari alimoandika kila jambo la ajabu ambalo baharia yeyote alilileta bandarini. Akiwa na miaka kumi na miwili alilificha daftari lile chini ya godoro ili wageni wasilione.

Rubani alichovya mpini wa wavu katika maji. "Mpini umevunjika?"

"Haujavunjika."

"Macho yako yanasemaje?"

Palepale uso wa maji ulipokuwa, mpini ulipinda kama kiwiko. "Yanasema umevunjika."

"Basi macho hayajadanganya. Maji yamepinda nuru. Na hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Maji yakiwa baridi sana, na juu yake ukapita upepo wa joto kutoka nchi kavu, hewa inakuwa tabaka mbili. Nuru ya meli iliyo mbali, nyuma kabisa ya upeo wa macho, inapanda, inapinda, inashuka machoni pako. Unaiona meli angani. Mara nyingi kichwa chini. Ni mazigazi, ila meli yenyewe ni ya chuma, ina watu, ina jikoni, mtu anamenya viazi."

"Ulisema hivyo mbele ya baraza la bandari?"

"Nilifika 'kichwa chini'. Baada ya hapo sikuisikia tena sauti yangu, kwa vicheko."

Sindano alitazama vidole vya miguu yake.

"Waliniona mpenda mazimwi," mzee aliendelea, bila uchungu, kama anayeeleza njia. "Lakini lile daftari, upande wa kushoto niliandika waliyoyaona, upande wa kulia niliandika ni nini. Joka la nundu ishirini: pomboo ishirini wamefuatana kama watoto wa shule. Mwanamke wa majini anayenyonyesha: nguva na mwanawe. Moto wa mashetani juu ya mlingoti: umeme wa wingu unatafuta pa kushukia. Bahari inayong'aa kama maziwa: vijidudu. Mlio unaoingia kwenye nyayo: nyangumi, anaimba, na mbao za meli ni ngoma. Mtu akikwambia ameona kitu, ameona kitu. Kazi yako ni kujua ameona nini. Kumcheka si kazi. Kumcheka ni mapumziko."

Akaegemeza wavu ukutani, akatazama juu. Bendera ya bwawa ilikuwa ikipepea kuelekea baharini.

"Upepo wa nchi kavu tangu alfajiri. Na nimepita ufukweni kwa miguu, maji ni barafu. Saa tano picha itapanda. Ule mnara wa zamani wa ishara bado una ngazi?"

"Una ngazi tisini."

"Basi twende. Nisubiri nimuage msimamizi; mtu haachi zamu kama mwizi."

*

Saa tano na dakika ishirini. Juu ya mnara hapakuwa na kivuli hata cha kumfaa mjusi.

Sindano alikuwa amesimamisha darubini kubwa ya Nikon kwenye miguu yake mitatu. Redio ya Motorola ilikuwa kwenye ukuta mfupi, sauti juu. Mzee alikaa kwenye kreti la soda, kofia machoni, kama anayesubiri basi.

"Hakuna kitu, baba."

"Ngoja."

"Saa zinakwenda."

"Hewa haijui kama una haraka."

Saa tano na nusu, mstari wa upeo wa macho ulivimba. Ulianza kutetemeka, kama kamba ya nguo iliyoguswa. Kisha juu yake ukatokea mstari wa pili. Na kati ya mistari hiyo miwili, mahali ambapo palipaswa kuwa anga tupu, doa la kijivu likajichora.

Sindano aliweka jicho kwenye darubini.

Meli. Nzima. Imening'inia kichwa chini angani kama popo, mlingoti wake ukielekea baharini, tumbo lake juu. Nyuma yake, kreni iliyopinda.

Miaka tisa baba yake alikuwa amebeba picha hii peke yake.

"Unaiona?" aliuliza mzee, kwa upole wa ajabu.

"Naiona." Hakulitoa jicho kwenye darubini. "Naiona, baba."

"Kando yake?"

"Kuna kitu kama jino. Nacho kimegeuka."

Rubani aliinuka kwa mara ya kwanza. Alitazama kwa sekunde tano tu. "Ule ni mwamba tunaouita Jino. Kutoka nchi kavu hauonekani kamwe, uko maili ishirini na mbili, nyuma ya upeo. Wamejibanza kwenye ubavu wake. Ndiyo maana rada inaona mwamba, haioni meli. Umewapata."

"Wanapandisha kitu kwa kreni. Kirefu, cheusi. Kinapanda."

"Geuza kichwa chako. Picha imepinduka. Hawapandishi."

Aliinamisha kichwa hadi sikio likagusa bega. Kitu cheusi kilikuwa kinashuka majini. Kilikuwa na shingo.

Alinyakua redio. "Kituo, hapa Sindano. Nyumba ya mgeni imeonekana. Mwamba wa Jino, ubavuni mwake. Wanashusha nyambizi ndogo sasa hivi. Nahitaji manowari ya doria iende Jino, na boti moja ya kasi inichukue mimi. Ndani ya dakika tano."

Redio ilikwaruza. "Unaonaje Jino kutoka mjini?" alisema Mkuu. "Ni maili ishirini na mbili."

"Ni mazigazi. Meli inaonekana angani. Kichwa chini."

Mtu fulani kwenye mtandao wa redio, afisa mmoja aliyekuwa akisikiliza, alipumua cheko puani.

"Nina manowari moja tu," alisema Mkuu taratibu. "Iko kusini. Nikiipeleka Jino na huko hakuna kitu, lango la bandari litakuwa wazi. Shahidi wako ni nani?"

Sindano hakumtazama mzee. "Rubani wa zamani wa bandari. Aliyeiona miaka tisa iliyopita."

"Subiri."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Sindano alijua ni karatasi gani. Alitaka kuzima redio, na mkono wake haukwenda.

"Ninalo faili lake," alisema Mkuu. "Baraza la bandari lilimnyang'anya leseni, na sisi tuliufunga uchunguzi kwa sababu ya maelezo haya. Hayana jina la mwandishi. Nasoma: 'Shahidi ni mtu wa hadithi. Umri umemchosha. Nyumbani huzungumza na redio iliyozimwa. Macho yake na akili yake visitegemewe.'"

Upepo ulipita mnarani.

Rubani alivua kofia. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Mkewe alikuwa sauti ya redio ya bandari. Ndiye aliyemwongoza kila meli aliyoipanda, hadi alipougua na kufa. Baada ya mazishi, kila akienda kulala, mzee alikuwa akichukua redio yake ya zamani, isiyo na betri, anaminya kitufe, anamwambia mkewe lala salama. Hakuna mtu aliyejua jambo hilo. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu.

Alimtazama binti yake. Sindano aliona jinsi jambo lile lilivyoingia, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye boti iliyotoboka.

"Sindano," ilisema redio. "Upo?"

Picha angani ilianza kukatikakatika. Tumbo la meli lilikuwa limeshaliwa nusu.

Angeweza kusema maelezo yale ni ya zamani. Angeweza kusema mwandishi alikosea. Maneno ya kumkwepesha mtu aliyajua yote; Idara ilimfundisha miaka mingi.

"Niliyaandika mimi," alisema.

"Rudia?"

"Maelezo hayo niliyaandika mimi. Shahidi ni baba yangu." Mtandao mzima ulikuwa ukisikiliza, watu kumi na wanane. "Nilikuwa na mwezi wa pili kazini. Niliogopa mkijua ni baba yangu mtanicheka pamoja naye, nikaandika bila jina. Nikasema uongo. Macho yake hayakuwa na kosa. Siku ya baraza nilikaa safu ya nyuma, na walipocheka, na mimi nilicheka. Meli iko Jino, Mkuu. Ilikuwa Jino siku ile pia. Zile silaha zilizoingia, na wale waliokufa kwazo, niandikieni mimi."

Mzee alinyoosha mkono, akachukua redio kutoka kwenye vidole vyake. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ile ya kazini.

"Kituo, hapa rubani. Manowari ipite kaskazini ya Jino. Kusini kuna mchanga, itakwama. Nyambizi itafuata mkondo wa maji baridi kwa sababu unaisukuma bure. Boti ikutane nayo maili tisa nje, mbele kabisa ya boya jekundu. Picha inafutika. Amua."

"Imepokelewa, rubani," alisema Mkuu. "Manowari inageuka."

Rubani aliweka redio ukutani. Akakaa kwenye kreti lake.

"Baba..."

"Boti yako imefika," alisema, akitazama baharini. "Shuka."

Alishuka ngazi tisini. Hakuihisi hata moja.

*

Boti ya mpira, injini mbili za Yamaha, maji yanaruka kama changarawe.

Usukani alikuwa ameshika askari wa majini aliyeitwa Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Mbele alikaa mwenzake mwenye bunduki ya MP5, ambaye hakuhitaji jina kwa kuwa Kimya aliongea kwa niaba yake pia.

"Dada, mimi siogopi mtu," Kimya alipiga kelele juu ya injini. "Mtu ana mifupa. Lakini hiki kitu cha shingo, shemeji yangu amekiona kwa macho yake, na shemeji yangu hata kusema uongo hawezi, hana akili hiyo!"

"Punguza mwendo. Boya lile pale."

"Nimepunguza."

"Zima injini."

Alizima kwa shingo upande. Boti ikaelea. Jua la saa saba lilikuwa limebandikwa utosini.

Ndipo ukaja.

Mlio haukutoka popote. Ulipanda kwenye sakafu, ukaingia kwenye soli, ukapita magotini. Mzito, mrefu, wa kusikitisha. Ulikuwa ni mlio wa kitu kikubwa chenye majonzi.

"Mama yangu," alinong'ona Kimya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alistahili jina lake. Kisha: "Dada, turudi. Nina watoto watatu."

"Tulia."

"Wa nne yuko njiani!"

Sindano alijua ni spika. Alikuwa ameishika moja asubuhi ileile. Lakini kujua ni kichwani, na woga una nyumba yake mwenyewe. Na kama ni nyangumi kweli? Kama nyambizi imepita upande mwingine, na wao wanamsikiliza samaki?

Aliminya redio ya boti. Tangu mnarani hawakuwa wamesemezana.

"Mnara, hapa Sindano. Tunasikia mlio. Siwezi kujua ni mnyama au ni wao."

Mawimbi mawili yalipita chini ya boti.

"Hesabu," ilisema sauti ya baba yake. "Ukikoma, hesabu mpaka uanze tena. Halafu hesabu tena."

Alitazama Casio. Mlio ukakoma. Ukaanza. Sekunde arobaini. Ukakoma. Ukaanza.

Arobaini.

Ukakoma. Hata Kimya alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Arobaini," alisema Sindano. "Kila mara."

"Nyangumi hana saa, mwanangu," ilisema redio. "Ule ni mtambo. Ukiongezeka nguvu kwenye nyayo, wako chini yako."

*Mwanangu.* Neno lilikuwa limetoka kwa mazoea tu. Hakuthubutu kulichukua kama lake.

"Kimya, ile kamba nene ya plastiki inayoelea. Yote. Imwage majini, ikate njia kutoka hapa hadi kwenye boya."

Mita mia mbili za kamba ya manjano zilitandaa juu ya maji. Mlio ukakua. Ukafika hadi menoni. Kisha, hatua hamsini mbele ya boti, bahari ikapasuka na shingo ikatoka.

Nyeusi. Ndefu. Imevikwa manyoya ya nyavu yanayotiririka maji. Kwenye ncha yake jicho moja la kioo lilizunguka, likawatazama.

Kimya alipiga yowe. Kisha akanyamaza. Kisha akakasirika.

"Bomba!" alisema. "Wiki tatu sijala samaki kwa sababu ya bomba!"

Bomba la darubini ya nyambizi lilianza kuzama, lakini lilichelewa. Rafadha ya nyambizi, ile feni ya kuisukuma, ilikuwa imekwishainyonya kamba. Kamba ilikimbia, ikajiviringa, ikakaza. Chini ya maji kitu kilinguruma, kikakohoa, kikafa. Mlio wa majonzi ukakatika katikati.

Nyambizi ikapanda juu mgongo wazi, ndogo kama lori, pembeni yake bomu limeganda kama kobe.

Mfuniko ukafunguka. Mtu wa kwanza alitoka mikono juu. Wa pili alitoka na bastola.

Risasi mbili. Ya kwake ilipiga maji. Ya Sindano ilipiga bega lake.

Wa tatu alikuwa amepita upande wa pili, akitambaa kuelekea kwenye bomu, kidole kimenyooka kwenye swichi. Sindano aliruka. Alitua kwenye chuma chenye utelezi, goti likagonga, akateleza, akaushika ule mkono sentimita chache kabla ya swichi na kuuvunja kwa mzunguko mmoja.

"Hapana," alimwambia mtu yule, karibu kwa upole. "Leo hapana."

Saa saba na dakika arobaini redio iliongea. "Sindano, hapa manowari. Meli iko mikononi mwetu. Watu kumi na wanne. Ilikuwa palepale. Mwambie rubani wako, palepale."

Saa kumi kamili meli ya gesi iliingia bandarini. Watu gatini waliendelea kunywa soda.

*

Alimkuta kwenye bwawa. Zamu yake ilikuwa haijaisha.

Sindano alivua viatu bila kuambiwa. Goti lilikuwa limefungwa bendeji. Alisimama pembeni, na maneno yote aliyoyapanga kwenye gari yakamkimbia kama kuku.

"Mama yako alikufa mwezi wa tatu," alisema mzee, wavu mkononi. "Nilimwambia lala salama kwa ile redio miezi miwili. Nilidhani wewe umeshalala."

"Nilikuwa mlangoni."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Rubani alichota jani. Alilitazama kwa muda.

"Basi ungeingia," alisema.

Sindano alilia hapo, akiwa peku, mbele ya watoto wanaojifunza kuogelea. Mzee hakumshika. Hakumfukuza pia. Aliendelea na kazi yake mpaka saa ya kufunga, naye akakaa kwenye kiti cha plastiki, safari hii mgongo wake ukiwa kwenye mlango.

Siku nne baadaye alimwomba Mkuu ruhusa ya kukiri mbele ya marubani.

"Faili limesharekebishwa," alisema Mkuu. "Leseni yake itarudi. Yatosha. Mtu wa Idara hasimami mbele ya watu na uso wake. Ukifanya hivyo, kazi ya nje imekwisha."

"Walimcheka mbele ya watu, Mkuu. Siwezi kumwomba radhi kwenye faili."

Ukumbi wa marubani, saa nne asubuhi. Watu thelathini na mmoja kwenye viti vya chuma, wengi wao walewale waliocheka siku ya baraza. Sindano alisimama mbele, akataja jina lake kamili, lile la nyumbani, akataja kazi yake, na akasoma. Alisoma alichoandika miaka tisa iliyopita, neno kwa neno, hadi pale pa redio iliyozimwa. Kisha akasoma ukweli: nani alikuwa mwongo, nani alikuwa na macho, na safu aliyokaa siku ya vicheko. Sauti yake ilipungua alipofika hapo. Mwishoni ilikuwa imebaki mnong'ono.

Hakuna aliyecheka. Wengine walitazama sakafu. Aibu ni kama homa; ukumbi mzima ulikuwa umeipata.

Alipoinua macho, alimwona. Rubani alikuwa amesimama mlangoni, na kandambili zake za bwawani, suruali imekunjwa. Haikujulikana alifika saa ngapi.

Watu wakageuka. Mzee hakuwatazama. Alimtazama binti yake, moja kwa moja, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja na habari kutoka baharini.

"Soma tena," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Sindano akafungua karatasi. Akasoma tena, tangu mwanzo, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma, na safari hii hakushusha sauti popote. Alipomaliza aliacha karatasi mezani, akapita katikati ya viti bila kuharakisha, akampita baba yake mlangoni, ambaye alisogea kidogo kumpisha. Akashuka ngazi kuingia barabarani kwenye jua kali, uso wazi, mbele ya kila aliyetaka kumtazama.